Mzazi Anapoanguka Ghafla: Kumuuguza Mgonjwa wa Kiharusi Nyumbani

(Muziki wa kufungua kipindi. Sauti ishuke.)

Nawasalimu akina mama wa Nyeri mjini, Karatina, Othaya na Mukurwe-ini, mlioko Kerugoya na Embu, na wenzetu wa Naro Moru na Nanyuki ambako baridi ya mlima haina huruma. Ikiwa una mgonjwa nyumbani, leteni kiti karibu na redio, na ukiweza chukua kalamu na daftari.

Leo tutazungumza kuhusu kiharusi, ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita stroki. Tutaona dalili zake, la kufanya katika saa za kwanza, na jinsi familia inavyoweza kumtunza mzazi akirudishwa nyumbani. Safari hii sitatoa mfano wa mtu mwingine. Nitawaeleza yaliyonipata mimi, muuguzi wenu, na mama yangu mzazi.

Ilikuwa Julai mwaka 2021, wakati wa baridi kali. Mama alikuwa na miaka 63, na alikuwa bado anachuna majani chai mwenyewe katika shamba letu huko Mathira. Jumapili jioni alinipigia simu. Akaniambia, "Mwanangu, mkono wa kulia ulikufa ganzi, nikaangusha kikombe. Lakini sasa umerudi." Nikamuuliza kama alibeba kikapu kizito Ijumaa. Akasema ndiyo. Nikamwambia, "Basi ni uchovu na baridi, mama. Jifunike vizuri ulale."

Wasikilizaji, mimi nimesomea uuguzi. Nimefundisha jambo hili mara nyingi katika mikutano ya akina mama. Lakini mgonjwa alipokuwa mama yangu, nilisikia nilichotaka kusikia.

Mkono ukifa ganzi ghafla kisha ukarudi, au mtu akipoteza maneno kwa dakika chache kisha akaongea vizuri, hilo ni onyo. Ni kiharusi kidogo kilichopita. Hatari ya kiharusi kikubwa kufuata ni kubwa zaidi katika siku mbili za kwanza. Mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anacheka na kusema amepona.

Usiku huo baba alilala kwa jirani kwenye matanga. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliagana na mama saa tatu usiku akiwa mzima. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu alimkuta sakafuni kando ya kitanda. Mdomo ulikuwa umeenda upande, mkono na mguu wa kulia havikusogea, na alipojaribu kuongea ilitoka sauti isiyo na maneno.

Watu wakajaa. Mmoja akasema apakwe mafuta ya kuchua. Mwingine akasema apewe chai ya moto ili mwili upate joto. Alipewa, akakohoa sana, nyingine ikamwagika kifuani. Mjomba akasema tusimguse mpaka kaka mkubwa afike kutoka Thika, kwa kuwa yeye ndiye atakayelipa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wote walimpenda. Lakini tulifika hospitalini saa tano.

Sasa niwaeleze kiharusi ni nini. Ubongo hulishwa na damu kama vile kitalu kinavyopata maji kwa mfereji. Mshipa wa damu ukizibwa na damu iliyoganda, sehemu ile ya ubongo hukosa hewa na chakula, ikaanza kufa. Hiyo ni aina ya kwanza, na ndiyo inayowapata wengi. Aina ya pili ni pale mshipa unapopasuka na damu ikamwagika ndani ya kichwa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hata daktari huhitaji picha ya kichwa, yaani skani.

Ndiyo maana nasema, usimpe mgonjwa aspirini nyumbani. Ikiwa mshipa umepasuka, aspirini itaongeza kuvuja kwa damu. Usimpe pia vidonge vya presha vya jirani ili "ishuke haraka". Presha ikishuka ghafla, ubongo unaweza kukosa damu zaidi.

Dalili zishike kwa mambo manne. La kwanza ni uso. Mwambie atabasamu. Je, upande mmoja umelegea? La pili ni mikono. Mwambie ainue yote miwili. Je, mmoja unaanguka? La tatu ni maneno. Mwambie arudie sentensi fupi. Je, ulimi ni mzito, au maneno hayaeleweki? La nne ni muda. Ukiona hata dalili moja, usingoje ya pili. Dalili nyingine ni kupoteza kuona ghafla, kizunguzungu cha kukosa kusimama, au maumivu makali ya kichwa ambayo mtu hajawahi kuyapata.

Halafu fanya hivi. Mlaze kwa ubavu, kichwa kikiinuliwa kidogo, ili mate na matapishi yasiingie kwenye mapafu. Legeza nguo za shingoni. Usimpe chochote kwa mdomo: si chai, si maji, si dawa. Tafuta gari mara moja. Piga simu ya dharura ya Msalaba Mwekundu, 1199, au mwite jirani mwenye gari. Usimpakie kwenye bodaboda akiwa amelegea. Na andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Daktari atauliza hilo kwanza.

Kwa nini saa? Kwa sababu iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya skani, na si kila hospitali inayo. Kwa mama yangu, saa ilihesabiwa tangu saa tatu usiku. Zilikuwa zimepita saa kumi na nne. Presha yake ilikuwa 210 kwa 120. Skani ilionyesha mshipa umezibwa. Daktari alinieleza kwa upole, kwa kuwa alijua mimi ni muuguzi, kwamba wakati wa dawa ile umepita.

Siku ya pili kifua kikachafuka. Ilikuwa nimonia, na inawezekana sana kwamba ile chai ilichangia. Alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa siku tano. Nimezoea mashine hizo na milio yake. Lakini nilipomwona mama yangu na mipira puani, nilisahau yote niliyosomea, nikabaki kushika miguu yake tu.

Kina mama, mkipata mgonjwa huko, mnaruhusiwa kuuliza. Chagueni mtu mmoja wa familia azungumze na daktari kila siku, kisha awaambie wengine. Sisi tulikuwa watu sita tunaouliza, na kila mmoja alirudi na habari yake, tukagombana kwenye varanda ya hospitali. Andikeni maswali kwenye karatasi. Mwongeleshe mgonjwa hata kama amefumba macho. Mtajie majina ya wajukuu, mwambie ng'ombe amekamuliwa. Na watoto wa nyumbani waelezwe ukweli kwa maneno mepesi. Kitinda mimba wetu alikuwa sekondari, tukamficha kwa juma zima. Alisikia kutoka kwa watu wa sokoni. Mpaka leo hajasahau.

(Muziki mfupi.)

Baada ya wiki tatu mama aliruhusiwa kurudi nyumbani. Wengi hudhani hapo ndipo taabu inaisha. Kwa kweli, hapo ndipo kazi ya familia inapoanza. Kabla hamjatoka wodini, mwombeni muuguzi awaonyeshe kwa vitendo jinsi ya kumgeuza, kumlisha na kumwinua. Msikubali kuelezwa kwa mdomo tu.

Kwanza, chakula. Kiharusi hudhoofisha koo. Mtaalamu athibitishe kwamba mgonjwa anameza kabla ya kumlisha. Akiruhusiwa, mketishe wima kabisa, asilishwe akiwa amelala. Tumia kijiko kidogo, weka chakula upande wa mdomo wenye nguvu, ngoja ameze ndipo uongeze. Uji mzito na viazi vilivyopondwa humezeka kuliko maji matupu. Mukimo na githeri ya punje nzima zingoje. Akimaliza, abaki ameketi kwa nusu saa, na mdomo usafishwe. Akikohoa kila anapokula, sauti ikiwa kama yenye maji, au akipata homa, mrudishe hospitali.

Pili, ngozi. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Tazama visigino, nyonga na chini ya mgongo kila siku. Ukiona pekundu au peusi pasiporudi rangi yake, usipasugue. Ondoa uzito hapo na umwite muuguzi. Shuka ziwe kavu na zisizo na mikunjo. Kidonda cha kitandani hutokea kwa siku chache tu, lakini kupona huchukua miezi.

Tatu, mkono na mguu uliolegea. Usimvute mgonjwa kwa mkono huo hata siku moja, bega litateguka. Uwekee mto chini yake. Kunjua na kukunja viungo polepole kama mtaalamu wa mazoezi alivyowaonyesha, mara kadhaa kwa siku. Mguu usiosogea unaweza kugandisha damu. Wengi wenu mnakumbuka Rais Kibaki, mwana wa Othaya, alivyoapishwa Desemba 2002 akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya gari. Januari 2003 alilazwa tena hospitalini kwa sababu ya damu iliyoganda mguuni. Kwa hivyo mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na maumivu, au mgonjwa akikosa pumzi ghafla, hiyo ni dharura.

Nne, mazungumzo. Mama alipoteza maneno, lakini hakupoteza akili. Mimi nikaanza kumwongelesha kama mtoto mchanga, "fungua mdomo, mama mzuri". Siku moja alisukuma kijiko, akanitazama, machozi yakamtoka. Baba alinivuta nje akaniambia, "Huyo ni mama yako. Alikulea. Mwongeleshe kama mama yako." Nikarudi nikamwomba msamaha.

Basi fanya hivi: kaa mbele ya mgonjwa, sema sentensi fupi, uliza maswali ya ndiyo au la, na umpe muda. Usimmalizie kila neno. Usimjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Na jaribu wimbo. Wimbo mara nyingi hupitia njia nyingine katika ubongo. Wiki ya sita, akina mama wa kanisa walikuja kutusalimia wakaimba tenzi za Kikuyu. Mama, ambaye hakuweza kutamka jina la baba, aliimba maneno ya ubeti mzima pamoja nao. Baba alitoka nje, akajifanya anaangalia ng'ombe.

Tano, moyo wa mgonjwa. Anaweza kulia au kucheka bila sababu. Huo pia ni ugonjwa katika ubongo, wala si ukaidi. Lakini akikataa chakula, asilale, asitake kuona mtu, huenda ana huzuni ya kiugonjwa. Ina matibabu. Mwambie daktari.

Sasa nije kwa wewe mwenye kuuguza.

Wifi yangu ndiye aliyekaa na mama. Sisi wengine tulikuwa tukituma pesa kwa simu na kuuliza, "Mama amekula?" Kaka alikuwa analalamika juu ya gharama ya nepi. Mimi nilikuwa nikija Jumamosi na kukagua ngozi ya mama kama mkaguzi wa serikali. Jumamosi moja nikaona wekundu kwenye kisigino, nikamkaripia wifi. Hakujibu. Nikamkuta baadaye nyuma ya jiko, amekaa juu ya gunia la makaa, analia. Akaniambia, "Siku arobaini sijalala usiku mmoja mzima. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama mimi nimekula."

Jioni hiyo tuliitisha kikao cha familia. Tukachukua daftari la shule, tukachora ratiba. Baba akachukua zamu ya kumgeuza mama kuanzia saa nne usiku hadi saa nane. Akajifunza pia kupika uji, mzee wa miaka 70. Mimi nikachukua Jumamosi na Jumapili zote mbili kwa mwezi, wifi akienda kwao kupumzika. Kaka akawa mwenye daftari la pesa, kila shilingi inaandikwa, kila mtu anaona. Ugomvi haukuisha wote, lakini ulipungua.

Ikiwa mgonjwa ni baba, zungumzeni mapema ni nani atakayemwogesha. Kwetu sisi si heshima mke wa mwana kumwogesha baba mkwe, na mzee mwenyewe huumia kuliko ugonjwa. Wana wa kiume, kazi hii ni yenu. Ikiwa hamko nyumbani, tafuteni jirani au ndugu wa kiume mumlipe. Msimwachie msichana wa kazi.

Nawe mama unayeuguza, linda mgongo wako: piga magoti au pinda magoti unapomwinua, na usimwinue peke yako. Lala mwenzako anapokuwa zamu. Meza dawa zako mwenyewe. Ukianza kumkasirikia mgonjwa mpaka unaogopa mikono yako, toka nje, mwite mtu. Kusema umechoka si dhambi.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Jiandikishe kwa simu kupitia *147# kabla ya mtu kuugua, na hakikisha wazazi wako wameandikishwa na michango yao imelipwa. Usingoje kufanya hivyo kwenye lango la hospitali usiku.

Mwisho, chanzo. Mama yangu alikuwa amepatikana na presha miaka miwili kabla. Alipewa dawa, akameza miezi mitatu, akajisikia vizuri, akaacha. Presha haina maumivu. Kujisikia vizuri hakumaanishi kwamba presha imepona. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu. Nyeri yetu ilipowekwa pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo katika majaribio ya afya kwa wote Desemba 2018, sababu moja ilikuwa wingi wa magonjwa kama haya.

Kwa hivyo pima presha. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kila inapopimwa, fuata matibabu. Wahudumu wa afya wa vijijini walipewa mikoba ya vifaa kuanzia Septemba 2023, na ndani yake mna mashine ya presha. Akipita kwako, usimwambie una haraka ya kwenda shambani. Chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa mtu mmoja kwa siku, ukihesabu ile iliyo katika vikolezo vya mchuzi vya pakiti. Punguza mafuta, acha sigara na pombe. Na aliyewahi kupata kiharusi asiache dawa bila daktari kusema, maana cha pili huja kwa urahisi kuliko cha kwanza.

Turudie kwa kifupi. Uso, mikono, maneno, muda. Usimpe chochote kwa mdomo. Andika saa. Dalili ikipita yenyewe, bado nenda hospitali. Nyumbani, mketishe anapokula, mgeuze kila saa mbili, usivute mkono uliolegea, mwongeleshe kama mtu mzima, na mgawane kazi.

Mtaniuliza, mama yuko wapi sasa? Yuko nyumbani. Mwezi wa tatu alisimama akishikwa. Mwezi wa saba alifika kwenye lango kwa mkongojo. Mkono wa kulia umebaki umekunjamana, na majani chai hachuni tena. Anaambua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Maneno yake ni machache, na mimi huniita kwa jina la dada yake. Nimezoea kuitika.

Lakini ile simu ya Jumapili jioni bado naisikia. Ndiyo sababu nimewaeleza haya. Leo, baada ya kipindi, mpigie mzazi wako simu. Muulize kama amepima presha, kama amemeza dawa, kama kuna mahali panapokufa ganzi. Na akikujibu, msikilize.

Tukutane juma lijalo saa na siku kama hii. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kwaherini, na Mungu awatunzie wagonjwa wenu.

(Muziki wa kufunga.)